Chupa Namba Saba

Maabara, Jumanne, 5 Machi

Mdogo wangu Kijiti,

Salamu nitaziweka mwisho, maana nisipoanza na kazi leo sitaianza kabisa. Boksi lako la jana limefika salama. Chupa zote kumi zimesimama kwenye matundu yake, vifuniko vimekazwa, na fomu imejazwa kwa ule mwandiko wako wa kuku aliyekanyaga wino. Nimezipitisha zote kwenye mashine mpya. Nilikwambia kwamba miaka yote tulikuwa tunapima vijidudu na chumvi tu, na sasa tumeletewa mashine inayoona aseniki. Hii ndiyo mara ya kwanza maji ya mji wenu yanapita humo.

Chupa tisa hazina neno. Chupa namba saba ina mia tatu na arobaini. Mwisho unaoruhusiwa ni kumi. Nimerudia mara tatu, nikaosha kila kitu, nikarudia tena, na jibu ni lile lile.

Kama umesahau niliyokufundisha, aseniki ni sumu inayotoka kwenye miamba huko chini kisima kinakochimbwa. Haina rangi, haina harufu, haina ladha. Mtu anayanywa maji hayo miaka na anayasifia. Kisha viganja vinakuwa vigumu, ngozi inatoka madoa, tumbo halitulii, na baadaye ndiyo magonjwa yasiyoponyeka. Mtoto aliye tumboni naye anakipata kila anachokunywa mama yake. Kuyachemsha ni kazi bure, maji yanapungua na sumu inabaki pale pale.

Sasa nijibu kama unavyomjibu dada, usinijibu kama unavyomjibu mkubwa wako. Chupa hii uliichotea wapi hasa? Ilikuwa safi? Chota nyingine pale pale kisimani, uitume na basi la kwanza. Usinipigie simu. Simu ya hapa iko mezani kwa mkuu wa maabara, na sitaki jambo hili lisikike kabla sijawa na hakika. Weka barua chini ya chupa kama kawaida yetu.

Mama hajambo? Mara ya mwisho nilipokuja sikupenda vile viganja vyake. Wifi yangu mwambie apumzike, mimba ya kwanza haina ubabe.

Dada yako


Kituo cha pampu, Alhamisi, 7 Machi

Dada, shikamoo.

Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaimaliza nimekaa. Chupa ilikuwa safi. Niliisuuza mara tatu kwa maji yale yale, nikaijaza mpaka shingoni, nikaandika namba kabla ya kuondoka. Nilichota kisima namba saba, pale pale siku zote, kwenye koki ya upande wa kulia. Miaka minane nafanya kazi hii, dada. Hata ukinifunga kitambaa machoni, naijua kila koki kwa kuishika.

Nakuletea nyingine. Nimeichota leo asubuhi kwa mikono yangu mwenyewe, na viatu vyangu bado vina tope la mto. Ipime, utaona.

Hapa nyumbani wote wazima. Mama analalamika tumbo, lakini unamjua, mama asipolalamika ndipo tunapoitana. Mke wangu yuko mwezi wa tano na amekuwa mkali, jana kanifukuza jikoni kwa sababu nilikuwa napumua kwa sauti.

Usijisumbue sana na hii mashine. Vitu vipya huwa na kiherehere.

Mdogo wako, Kijiti


Maabara, Jumanne, 12 Machi

Kijiti,

Chupa yako ya pili ina mbili. Mbili tu, maji safi kabisa.

Ningefurahi, ila nilikuwa nimeshamwambia mkuu wa maabara kuhusu ile ya kwanza. Nilidhani ni wajibu wangu. Leo amenisimamisha mbele ya wenzangu akasema mkemia wa miaka kumi na tano ameshindwa kuosha vyombo. Nimeandikishwa barua ya maelezo, na nimetolewa kwenye mashine. Sasa naweka lebo kwenye chupa tupu.

Najijua nilivyo na makosa yangu, lakini sikuacha uchafu kwenye chombo. Nakuuliza mara moja tu, na baada ya hapo sitakuuliza tena. Kuna kitu hukuniambia?

Dada yako


Kituo cha pampu, Alhamisi, 14 Machi

Dada, shikamoo.

Imeniuma sana walivyokufanyia. Hakuna kitu. Mashine ilikosea, si wewe. Wape muda, wataona wenyewe na watakurudisha. Wewe ni mtu wa kuosha chupa mara saba, nani asiyejua.

Sina jingine. Kazi nyingi wiki hii.

Kijiti


Nyumbani, Jumatatu, 15 Aprili

Wifi yangu mpendwa,

Hujambo? Sisi wazima, ila mdogo wako ana mambo, na nimeona nikuandikie wewe kwa sababu ukimuuliza yeye utapewa mzaha badala ya jibu.

Tangu mwezi uliopita amenikataza maji ya bomba. Kila alfajiri anachukua baiskeli na dumu moja, anavuka mto pale daraja liliposombwa, anakwenda hadi kisima namba saba, anarudi amelowa mpaka kiunoni. Dumu hilo ni langu. La kunywa, la chai, la kupikia uji wangu. Ukimuuliza kwa nini, anasema yale ni maji laini, yanafaa kwa mtoto. Anayejua maji ni yeye, kwa hiyo nikamwamini. Lakini wifi, wiki ya sita sasa. Amekonda hadi lile jina lake limemkaa sawasawa. Halali vizuri. Juzi mpishi wa shule alikuja kumwonyesha viganja, vimekuwa vigumu na vina vidutu, anasema ni sabuni ya kuoshea masufuria. Mume wangu aliviangalia, akatoka nje hata kwaheri hakumwambia.

Mama anakusalimu. Tumbo lake limepata nafuu, wiki hizi anakula vizuri na anatutania.

Niambie kweli, yale maji ya ng'ambo yana faida gani kwa mtoto? Au mume wangu anaanza kuchanganyikiwa kabla hajawa baba?

Wifi yako


Maabara, Jumatano, 17 Aprili

Kijiti,

Nimepata barua kutoka kwa mkeo. Usimgombeze, ameandika kwa sababu anakupenda.

Mtu havuki mto kila alfajiri kwenda kuchota kwenye kisima ambacho dada yake alimwambia kina sumu, halafu maji hayo akampa mke wake mjamzito. Wewe unajua kwamba kisima namba saba ni safi. Unajua pia kwamba bomba la jikoni kwako si safi. Ukijua mambo hayo mawili, yamebaki yapi? Chupa ile ya kwanza uliijaza nyumbani.

Wiki tano nimeweka lebo, nikijiambia labda kweli nilizembea. Wiki tano nimekuwa naangalia mikono yangu. Na wewe ulijua.

Bomba lako linatoa maji ya wapi? Andika leo. Na safari hii mzaha uuache hapo hapo kwenu.

Dada yako


Kituo cha pampu, Ijumaa, 19 Aprili

Dada, shikamoo, kama bado utaipokea.

Ni kweli. Niliijaza jikoni, kwenye sinki, nimevaa kandambili.

Mvua za mwaka juzi zilichukua daraja. Kwenda namba saba kwa kuzunguka ni nusu siku, na boksi lazima liwahi basi la saa sita. Jumatatu ya kwanza mama alikuwa ameanguka bafuni, sikuweza kumwacha. Nikasema kwa leo tu, namba saba haijawahi kuwa na tatizo, majibu yake ya miaka yote yanafanana kama pacha. Jumatatu ya pili nilikuwa sina sababu, nikafanya hivyo hivyo. Baada ya hapo ikawa ndiyo kazi yenyewe. Chupa tisa nachota kwenye visima, ya saba naijaza nyumbani, mpaka barua yako ya Machi iliponikuta.

Maji ya nyumbani yanatoka kisima cha mlimani. Wewe hukijui kwa sababu hakimo kwenye fomu. Kilichimbwa miaka sita iliyopita wakati wa ule ukame, na fomu zetu zilikuwa zimeshachapwa zina mistari kumi, na boksi lina matundu kumi. Niliuliza wakati ule, mkubwa wa kituo akasema tusubiri fomu mpya. Tunasubiri hadi leo. Kinalisha mtaa wote wa juu, na shule, na zahanati. Watu elfu nne. Hakijawahi kupimwa, dada. Kimefika kwako kwa sababu ya uvivu wangu.

Najua unataka nini. Unataka nichote pale, niandike fomu, niweke sahihi, na nieleze ile ya kwanza ilitoka wapi. Bila sahihi yangu hakuna atakayekusikiliza, hasa baada ya waliyokufanyia. Lakini nikiweka sahihi, unga wangu umemwagika. Nimedanganya fomu kwa karibu miaka miwili. Nyumba hii ni ya kazi. Mke wangu atajifungulia wapi?

Nakuomba unipe hadi mtoto azaliwe. Miezi miwili na nusu. Watu wameyanywa miaka sita na wapo. Mama mwenyewe nilishindwa kumletea ya kwake, mto unanivusha na dumu moja tu, na nikimkataza bomba ataniuliza kwa nini, na mimi mama sijawahi kumdanganya akaamini. Kwa hiyo anakunywa ya bomba kama zamani, na angalia, tumbo limetulia, viganja vimelainika. Huenda sumu yenyewe siyo kali kama vitabu vinavyosema.

Mke wangu yuko salama. Hilo naliapia. Kila asubuhi namuuliza umekunywa, na kila asubuhi ananijibu. Wiki sita hajagusa tone la bomba. Hilo peke yake ndilo linalonipa usingizi.

Kijiti


Maabara, Jumamosi, 20 Aprili

Wifi,

Nimempa kondakta barua hii akuletee mkononi. Nitaandika kifupi. Maji ya bomba lenu yana sumu. Mume wako anajua, atakueleza mwenyewe, na kama hakueleza nitakueleza mimi. Kuanzia sasa hivi wewe usiyaguse, na mama asiyaguse, hata yaliyochemshwa. Kuoga na kufua hakuna shida. Kunywa na kupikia, hapana.

Lile dumu ligawane na mama. Najua unalinywa peke yako kwa sababu ndivyo ulivyoambiwa, wala sikulaumu. Ila mama ni mzee na yale ya bomba ameyanywa miaka sita.

Nijibu, tafadhali. Sitatulia mpaka nione mwandiko wako.

Wifi yako


Nyumbani, Jumatatu, 22 Aprili

Wifi,

Barua yako nimeisoma mara nne. Mume wangu yuko kwenye mzunguko wake wa chupa, hajarudi. Nakuandikia haraka, kwa hiyo nisamehe mwandiko.

Dumu lile sinywi mimi.

Siku ya kwanza alipolileta akasema ni maji laini, mama alikuwa amelala chini anajikunja kwa tumbo. Nikawaza, mimi ni kijana, nina afya, nitakunywaje maji mazuri huku mama mkwe wangu anaumwa? Nikampa. Siku ya tatu tumbo likatulia. Nikasema basi, dawa imepatikana, kwa nini niizuie? Tangu siku hiyo dumu lote ni la mama. Ya kwake ya kunywa, ya chai yake, ya uji wake. Mimi nimekunywa ya bomba, na nimeyanywa sana, kwa sababu mkunga alinihimiza ninywe maji mengi kwa ajili ya mtoto.

Kila asubuhi mume wangu ananiuliza, umekunywa? Namwambia nimekunywa. Sikumdanganya, wifi. Nilikuwa nimekunywa.

Sikumwambia kuhusu mama kwa sababu niliona anavyorudi amelowa, nikaogopa atasema nimeidharau kazi yake. Nilitaka aone mama amepona kisha nimpe siri kwa furaha.

Mtoto anacheza. Sasa hivi anacheza. Niambie wewe uliyesoma, kucheza kwake ni dalili nzuri, au hakuna maana yoyote? Nina hasira na sijui nimkasirikie nani. Usimwambie. Hatalimudu jambo hili. Niachie nitafute siku ya kumwambia.

Wifi yako


Maabara, Jumanne, 23 Aprili

Kijiti,

Ndani ya barua hii kuna barua ya mkeo. Aliniomba nisikuambie. Nimemkatalia, na nimemwandikia kwamba nimekataa, kwa sababu katika nyumba ile siri zimetosha.

Isome ukiwa umekaa.

Nimemwandikia pia kwamba mwili unaitoa sumu hii ukiacha kuinywa, na sehemu kubwa hutoka katika siku chache. Kucheza kwa mtoto ni dalili nzuri. Mengine sijui, na sitamdanganya. Aende hospitali kubwa, apimwe mkojo na nywele. Ijumaa nakuja kumchukua.

Sikuamrishi kitu. Naona umri wa kukuamrisha umepita. Ila sina mashine, sina cheo, na mkuu wangu hanisikilizi. Mwenye koki ni wewe.

Dada yako


Kituo cha pampu, Jumatano, 24 Aprili

Dada, shikamoo.

Niliisoma jana jioni, nimekaa kama ulivyosema, kwenye ngazi ya pampu ya mlimani. Nilipofika pale aliposema "nilikuwa nimekunywa" sikuendelea. Niliingia ndani nikafunga vali kuu. Inafungwa kwa mizunguko ishirini na miwili, na imekaa miaka bila kuguswa, imenichuna ngozi ya mikono. Kisha nikaufungua usukani wake kwa spana nikautoa, ili mtu asije akaifungua nyuma yangu.

Nilichota chupa pale pale. Kwenye fomu nimechora mstari wa kumi na moja kwa rula. Chupa haina tundu kwenye boksi, nimeifunga kwa shati langu la kazi na kuiweka juu ya zile kumi nilizochota upya. Ya saba ni ya saba kweli, nilivuka mto leo saa kumi na mbili asubuhi. Pamoja na fomu kuna maelezo yangu, kurasa tatu, Jumatatu moja baada ya nyingine tangu daraja lisombwe. Nimetia sahihi kila ukurasa. Nimeeleza pia kwamba wewe hukukosea, na nakala nimempelekea mkuu wako.

Mkubwa wa kituo alikuja juu na jazba zake, anataka usukani. Nilikuwa nimeukalia. Aliniuliza kama najua nimewakatia maji watu elfu nne. Nikamwambia najua, na nikamwambia kwa nini. Akauliza yeye na watoto wake wanakunywa ya kisima kipi. Anaishi mtaa wa juu, dada. Nilimwambia. Aliteremka mwenyewe kwenda kuomba magari ya maji. Kazi nimeachishwa, nyumba natoka mwisho wa mwezi.

Mke wangu nilimkuta mlangoni na mama. Aliniambia, "Ungeniambia siku ya kwanza, tungegawana." Hakupiga kelele. Ndiyo maneno pekee aliyonipa mpaka sasa. Mama alinishika mkono uliochubuka, akauosha kwa maji ya dumu. Njoo Ijumaa. Mizigo ya mke wangu nimeshaifunga.

Kuna jambo moja zaidi. Watu wameanza kunisifu. Mpishi wa shule amekuja na wenzake, ananiita shujaa, eti nimeokoa watoto. Nimejaribu kumweleza, hataki kusikia.

Ukweli ni huu. Wiki sita nilipita mbele ya shule ile kwa baiskeli, nina dumu la maji safi nyuma yangu, na watoto wamepanga foleni kwenye bomba. Nilikuwa nawasalimia. Wengine nawajua kwa majina. Sikufunga vali kwa ajili yao, dada. Nimeifunga siku niliyojua kwamba mke wangu naye yumo kwenye foleni. Kwenye maelezo yangu nilijaribu kuliandika hilo, nikashindwa, kalamu ilikataa. Wewe ndiye utakayeandika ripoti. Liandike.

Mdogo wako, Kijiti